Mvua ya Kwenye Gemu

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Leo nimelipata gemu. La vita. Nimebadilishana na mtu wa Wete: yeye kachukua feni yangu, mimi kanipa diski. Joto la chumbani sasa halisemeki, lakini biashara ni kujinyima. Bakar, mwenye kibanda cha gemu cha ng'ambo ya barabara, ana gemu la mpira tu, mwaka wa nne mpira ule ule. Msimu huu wa karafuu Mtambile nzima itahamia kwangu.

Tatizo moja. Mama anakitaka chumba ninachochezeshea watu gemu kwa pesa. Anasema kilikuwa ghala ya karafuu tangu uhai wa marehemu baba, hakikujengewa mabunduki. Tumepatana hivi: nibaki nacho, ila mchana nimwangalizie karafuu zilizoanikwa uani. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Karafuu hizi ndizo zitakazompeleka Unguja kupasuliwa. Kaniambia, "Mie wingu silioni, Ngwali. Weye ndiyo macho yangu." Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Kutazama juu, nani asiyekuweza?

Jumatatu, 7 Oktoba

Chumba kimejaa hadi mlangoni. Gemu lina sifa zake, sitaki kusema uongo. Hujioni mwenyewe, unaona mikono yako tu na mtutu wa bunduki. Ahmada, mchumaji wetu wa karafuu, aliinama kukwepa risasi akajigonga kipaji cha uso kwenye meza. Picha safi. Na sauti! Nimeazima spika ya Fahmi anayepiga muziki, ile ya harusini. Nyayo za adui unazisikia kisogoni. Bakar alikuja kuchungulia, akaondoka bila kuaga. Nimekula chakula cha usiku kwa raha.

Jumanne, 8 Oktoba

Msiba. Hamad wa bodaboda kalimaliza gemu. Lote. Kakaa baada ya alasiri, magharibi haijaadhiniwa majina ya waliolitengeneza yanapanda kwenye kioo. Kauliza lililobaki liko wapi. Nikamwambia limeisha. Kaniangalia kama nimemuuzia samaki wa juzi.

Baada ya isha, Bakar barazani anawaambia watu kuwa kikombe chake cha kahawa huchukua muda zaidi kuisha kuliko vita vya Ngwali. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nisionekane kuwa ndiye mimi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango mpya. Nimeliweka gemu kwenye ugumu wa juu kabisa. Nimepiga marufuku kuruka maelezo ya sajenti wa kwenye gemu. Anayekufa anaanza mwanzo. Kwa hesabu zangu linafika Ramadhani.

Ahmada kafa mlango wa kwanza. Kafa tena mlango wa kwanza. Kasusa, kenda kwa Bakar. Wengine wakamfuata. Tena kukaa sana mlangoni kumefichua kasoro. Maadui hutokea nyuma ya ukuta ule ule, kila siku, kama waliofungwa kamba. Wenzako hawampigi mtu. Sajenti hafi, kazi yake kutoa amri na kupiga kelele, kama mjomba kwenye shughuli. Mama kauliza mbona kimya huko chumbani. Nimemwambia vita vimesimama, watu wanaswali.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimefikiri sana. Kila kitu kina uzuri wake, na uzuri wa gemu hili uko mwishoni: vita vya darajani, usiku, ndani ya mvua. Basi nitawaonyesha mwisho tu. Jumamosi mchana, madirisha yamefungwa, spika hadi juu. Nimemwalika Bakar kwa heshima zote. Nataka aone kwa macho yake afe kwa kijicho.

Dada yangu Rahila, mwalimu wa Wete, kapiga simu kuuliza karafuu zimefika wapi. Nimemwambia zinataka jua kidogo tu zikauke. Mama kashafunga mkoba wa safari. Kaulaza kitandani, kila akipita anaugusa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mkono mzito kuandika.

Walikuja wengi. Bakar alikaa mbele. Nje jua kali, nililitazama mwenyewe nikafunga madirisha. Daraja likaanza. Mvua ikateremka. Mvua gani ile! Matone juu ya bati, maji kwenye mifereji, radi mbali, radi karibu. Bakar mwenyewe alikiri kuwa hajapata kusikia mvua ya gemu yenye ukweli namna hiyo. Nikamwambia hii ndiyo tofauti ya vita na mpira.

Mama kaja mlangoni kuuliza kama kunanyesha. Nikamwambia ni gemu, Mama, katulie. Kaondoka. Karudi. Kasema anasikia harufu ya udongo. Nikamwambia ni jasho la vijana, feni hakuna.

Daraja likavunjika. Majina yakapanda. Nikazima spika. Mvua ikaendelea.

Tulipotoka, Mama alikuwa uani, kapiga magoti kwenye maji, anazoa karafuu kwa kupapasa na kuzitia kwenye kanga yake. Bakar ndiye aliyekimbia kwanza kukunja majamvi. Mimi nilisimama mlangoni. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jumatatu, 14 Oktoba

Karafuu zimevunda. Mnunuzi kaingiza mkono guniani, kanusa vidole, kaufunga mdomo wa gunia. Safari ya Unguja haipo. Labda msimu ujao, Mungu akipenda.

Rahila hakuitikia salamu yangu. Mama hakunigombeza. Kaufungua mkoba, karudisha nguo kabatini moja moja, kila moja kaipapasa kwanza kujua ni ipi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Sikulia kwa sababu ya gemu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kumbe mitini kuna karafuu za mwisho. Si nyingi, lakini Rahila anasema zikikaushwa vizuri, na yeye akiongeza chake, Mama anaweza bado kwenda. Ahmada kazichuma tangu asubuhi. Zitaanikwa kesho.

Na mimi nimekaa nikalitafuta kosa, nikalipata. Kosa ni gemu lenye mvua. Mtu atajuaje ipi ni ipi? Nimekwenda Wete nimelibadilisha. Jipya ni la jangwani mwanzo hadi mwisho, tone la maji halimo. Nikisikia mvua, basi ni ya Mungu.

Mama kaniuliza taratibu kama kweli hilo halina mvua. Nimemwapia. Kasema basi, mwanangu, zitazame hizi za mwisho.

Nalo ni fupi, sikatai. Sifa yake ni helikopta. Yule mtu wa Wete kaniambia zikianza kuruka, hata adhana ya msikiti wa jirani huisikii. Nimeshaazima spika ya pili.