Nge wa Mwenyekiti Mtarajiwa

Jumatatu, 3 Machi
Siku kumi na mbili zimebaki kabla ya uchaguzi wa mwenyekiti wa kituo chetu cha kupimia majani chai, hapa Roret. Mpinzani wangu ni mmoja tu: Kiptanui. Mtu wa sungura! Watu wanamsifu eti ni mfugaji wa kisasa. Kufuga mnyama anayekimbia akisikia tumbo lake mwenyewe!

Leo binamu yangu Kipchirchir amerudi kutoka Marigat, kule Baringo, na kile nilichomwagiza: mtoto wa nge, ndani ya chupa ya dawa. Ni mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, lakini mkia ameuinua kama mtu mwenye swali. Nimemwita Meneja. Siku ya uchaguzi nitasimama mbele ya wakulima na nge kiganjani. Anayefuga nge atatishwa na watu wa kiwanda? Kiptanui amekwisha.

Priscah, mke wangu, amesema nge akiingia nyumbani yeye atatoka. Nge ameingia. Priscah bado yuko.

Jumanne, 4 Machi
Chakula. Nimempa ugali, hakugusa. Sukuma wiki, hapana. Kichwa cha omena, hapana. Nikamwekea mursik, maziwa yetu ya mgando, kijiko kizima: amelowa mguu mmoja, akanitazama vibaya. Nge wa Baringo anakataa mursik! Ametoka familia gani?

Nimeenda Litein kwa Nyang'au, mwenye duka la dawa za mifugo. Aliuliza kwa nini mtu mzima anafuga nge. Nikamwambia kazi yake ni kujibu. Akasema nge hula wadudu walio hai, wadogo kuliko yeye, mara moja au mbili kwa wiki. Maji kidogo kwenye kifuniko cha soda. Udongo chini, kipande cha gome cha kujifichia. Joto, maana baridi yetu itamuua. Na nisimshike kwa mkono. Kisha akaanza hadithi ndefu kuhusu ngozi, nikaondoka. Muuza dawa ya kupe anajua nini kuhusu ngozi?

Alhamisi, 6 Machi
Nimepiga magoti kwenye majani chai yangu saa nzima nikitafuta nyenje. Jirani amepita, akauliza kama nimepoteza simu. Nikasema naomba. Akavua kofia, akasimama kungoja nimalize. Dakika ishirini! Watu hawana kazi.

Lakini nyenje nimempata. Meneja amemkamata kwa makucha yote mawili, akamla polepole kama mzee asiye na meno. Nilijisikia baba.

Mchana mvua, baridi kali. Meneja akawa anatembea kwa shida. Ndipo nikapata wazo ambalo Nyang'au hangelipata hata akisoma miaka kumi: hotpot ya Priscah! Inatunza joto la chapati toka asubuhi mpaka jioni, itashindwa na nge? Nimeweka udongo, gome na maji, kifuniko nimekiacha wazi kidogo. Nyumba ya kifahari.

Ijumaa, 7 Machi
Chama cha akina mama kimekutana kwetu. Hakuna aliyeniambia. (Priscah anasema aliniambia mara tatu.) Hotpot ikaenda mezani. Mama Yunia, kiongozi wao, akaombea chakula, akafungua, akaingiza mkono macho bado yamefumbwa. Akatoa gome. Kisha akaona mkia.

Sikujua mwanamke wa umri ule anaweza kupita dirishani.

Meneja hakumdunga mtu. Ana adabu kuliko wageni wengi. Priscah amesema neno moja tu: "Baba Nelvine, hotpot hiyo sasa ni yako." Nikamshukuru. Hakuipenda shukrani yangu.

Akina mama kumi na wanne, wote wana majani chai, wote wanapiga kura. Na jioni nimesikia Kiptanui amempelekea Mama Yunia sungura wa kumpa pole. Sungura wa pole! Mtu hana haya.

Jumatano, 12 Machi
Nimemhamishia Meneja kwenye chupa kubwa ya peremende, karibu na jiko. Ameacha kula. Nyenje wa leo amempanda mgongoni, akatembea, akashuka. Meneja kimya, tumbo limevimba. Nani alifika hapa jana? Kiptanui, eti kuazima jembe. Naandika tu.

Ijumaa, 14 Machi
Amekufa! Asubuhi nimemkuta juu ya udongo, mkia, makucha, miguu yote, lakini ndani hamna kitu. Mwepesi kama ganda la kitunguu. Nimelia kidogo kwa sababu ya moshi. Sumu gani hii inayomaliza nyama yote na kuacha nje?

Nimemlaza kwenye kiberiti. Halafu nikafikiri. Nge hai angenipa kura nyingi. Nge aliyeuawa atanipa zote.

Jumamosi, 15 Machi
Wakulima karibu mia moja kituoni. Nimeinua kiberiti juu. Nikauliza: anayeua mtoto wa nge leo, kesho atawafanyia nini ninyi? Kimya kikubwa. Nilidhani ni huzuni.

Nyang'au akajitokeza. Sikujua naye ana chai huku. Akatazama kiberiti, akaomba ile chupa ya peremende, ambayo Priscah alikuwa ameibeba kama ushahidi wangu. Akainua gome kwa kijiti. Meneja! Mweupe kama maziwa, mnene, mkubwa kuliko jana.

"Mzee, amejivua ngozi tu," akasema. "Nilikuwa nakueleza, ukaondoka."

Walicheka mpaka mtu akakaa juu ya mizani. Kiptanui peke yake hakucheka. Aliinua mkono, akaomba watu watulie, nge mwenye ngozi mpya asisumbuliwe na kelele. Mnafiki! Wakampigia makofi.

Kura ilikuwa ya kupanga foleni. Ya Kiptanui ilipinda ikaingia kwenye majani chai. Mimi sikugeuka haraka. Nilipogeuka, nyuma yangu alikuwa Priscah, peke yake, na chupa mkononi. Njiani nimemuuliza kwa nini. Akasema mtu haachwi na aibu peke yake. Nimemwambia kura moja haisaidii kitu. Akahamishia chupa mkono mwingine. Tumetembea hivyo mpaka nyumbani.

Jumatatu, 17 Machi
Meneja nimemwachia Nyang'au, amlee kama anajua sana. Nimetafakari siku mbili, na kosa nimeliona. Nge alikuwa mdogo mno! Watu wa nyuma hawakuona kitu.

Mwezi ujao kuna uchaguzi wa kamati ya maji. Nimempigia Kipchirchir aniletee kenge, yule mkubwa, mwenye mkia kama mjeledi. Ameniambia kenge hupenda mayai. Kuku wa Priscah wanataga vizuri sana wiki hii. Hatajua.