Seva Iliyopayuka Mkunazini

Jumatatu, 2 Februari 2026

Siku mbovu. Faiza kapandishwa cheo. Faiza! Kaja juzi tu katika nyumba hii ya kuhifadhi sauti za wazee, hapa Mkunazini, na leo Bi Mwanaasha, mkurugenzi wetu, kamtangaza kuwa mkuu wa mitambo. Mimi niliyeipandisha seva ile mgongoni, ngazi zote, nikaambiwa nimpe ushirikiano. Nimetabasamu. Taya linauma mpaka sasa.

Mchana kaniita. Kasema limegunduliwa tundu katika maktaba ya programu, yaani furushi la kodi iliyoandikwa na wengine, ile ambayo seva yetu huitumia kugawia mafaili kompyuta nyingine. Si yetu peke yetu, watu wa nchi chungu nzima wanaitumia. Faili lina herufi kumi, wewe omba elfu: seva haihesabu! Inakupa kumi zako, kisha inaendelea kukuchotea chochote kilicho jirani kwenye kumbukumbu yake, cha yeyote yule. Maneno ya siri, barua, mambo ambayo wazee wametuamini tuwatunzie. Toleo lililozibwa limeshatoka. Kaomba nilitie leo leo.

Nimejibu inshaallah. Ile inshaallah nyingine.

Jumanne, 3 Februari

Sikulitia. Ningelitiaje kabla ya kuona? Nimejifungia chumba cha seva. Nimetengeneza faili lenye jina langu tu, kisha nikaiomba seva inisomee, na kuomba nikaomba kwa uroho. Ikajibu: Mahfoudh. Halafu ikaendelea!

"…yule samaki tukamrudisha majini, maana alikuwa na macho kama ya mjomba…"

Subhanallah. Mahojiano ya mzee wa Nungwi! Bila shaka mtu alikuwa akiyasoma chumba cha pili. Nimeomba tena. Kikaja kipande cha orodha ya vyakula vya arusi, kisha nusu ya dua, kisha alama zisizosomeka, kama mtu anayeota kwa sauti. Nimekaa pale kama nimo msikitini. Chuma kile kinakumbuka yote, na hakijui cha kuficha!

Faiza kapita mlangoni, kauliza kama nshalitia. Nimesema nshalitia.

Maana mpango umeshazaliwa. Alkhamisi nitamwonesha Bi Mwanaasha tundu hili kwa macho yake. Atashtuka. Ndipo nitaliziba mbele yake, kwa utulivu. Cheo kitarudi kwa mwenyewe.

Jumatano, 4 Februari

Nimeandika hotuba ya kupokea cheo. Nzuri mno. Nimeiandikia kazini, kwenye folda ya wote iliyomo ndani ya seva, maana kompyuta ya nyumbani wanangu wameimwagia uji.

Jioni nimemweleza mke wangu Ummy, hapa nyumbani Jang'ombe. Kafikiri, kisha kauliza: "Ukuta wa jirani ukitoboka, bwana, unamwita mwashi au unawaita watu waje kuchungulia?" Hajui mambo ya seva.

Alkhamisi, 5 Februari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimeifungua hotuba, nimeirudia mara kadhaa kwa sauti ya chini. Bi Mwanaasha kaja na miwani yake. Nimeomba herufi chache za ziada. Seva ikapayuka: majina ya wageni, kichwa cha barua ya wizara. Bi Mwanaasha kashika kifua. Kauliza hivi hata mtu wa mbali anaweza kuyaona haya? Nimesema kwa huzuni ya kitaalamu kwamba anaweza.

Hapo ningeacha. Lakini alikuwa ameshangaa vizuri mno! Nikaongeza. Ikaja hii, na kaisoma kwa sauti, neno baada ya neno:

"Kwa unyenyekevu nnapokea kiti hiki, ambacho Faiza alikikalia kwa bahati mbaya…"

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeifungua. Ilikuwa mbichi kwenye kumbukumbu! Nimepapatika. Nimeandika namba kubwa kuliko zote, ili mengine yaje yaisukume hotuba itoke juu ya kioo. Seva imenyoosha mkono pasipo na kitu. Ikazima.

Chumba cha pili mtu kapiga yowe.

Sikujua. Wallahi sikujua. Mle Faiza alikuwa na Bi Time, bibi wa Makunduchi, wananakili kaseti ya marehemu mama yake, Faiza peke yake kavaa visikizio. Mkanda umekauka, fundi alishasema utastahimili kupigwa mara moja tu. Bi Time hakuwa ameisikia sauti ile tangu usichana wake. Nimefika mlangoni, mkanda umeshakatika, uko sakafuni kama nywele. Bi Time ananitazama. Nimesema shikamoo. Kajibu marahaba, polepole, na nikatamani angenitukana.

Nimemwambia Faiza kila kitu. Nimesema nimeua sauti ya mtu.

Faiza kasema: "Mahfoudh, sikuwa nikirekodi kwenye seva."

Nimemuuliza kwa nini. Kasema seva ukiipigia hodi hutaja toleo lake. Tangu Jumanne anajua nimemdanganya. Jana kamweleza Bi Mwanaasha kwamba leo asubuhi, mara tu akimaliza na mgeni wake, atalitia mwenyewe. Sauti yote imo kwenye kompyuta yake ndogo, salama, mpaka mwisho wa mkanda.

Nimekaa chini, sakafuni hapo hapo.

Ijumaa, 6 Februari

Bi Mwanaasha kaninyang'anya seva. Nimebakiziwa mashine za kuchapia na kisanduku cha wai-fai, kile kinachogawa intaneti. Kaniambia hotuba si mbaya, ila unyenyekevu umezidi.

Kabla ya sala Faiza kanionesha toleo jipya na la zamani, ubavu kwa ubavu. Nilitegemea kurasa. Mstari mmoja! Swali moja lililosahauliwa: je, unachokiomba kipo? Mtu fulani, sijui wa wapi, kakaa kusoma maelfu ya mistari ya watu asiowajua mpaka akaliona pengo lile, kisha akasema. Hakuitisha kikao. Kasema tu.

Halafu Bi Time kasikilizishwa ile nakala ya kaseti. Kwanza mkwaruzo, kuku, mchi unatwanga. Mwanamke anaimba kidogo. Ghafla mama yule anaita, kwa nguvu, kama anayeita mtu aliyeko uani: "Time! Time we!"

Na bibi yule, na mvi zake, kasimama. "Naam, mama!"

Kaitika kabla hajajua kuwa anaitika. Faiza analia, Bi Mwanaasha analia, mimi nimegeukia ukutani. Nimeapa: sifanyi tena.

Jumatatu, 9 Februari

Mtu mpya. Ummy mwenyewe kasema.

Asubuhi Faiza kasema na kisanduku cha wai-fai nacho kina tundu, mgeni wa nje anaweza kujipenyeza. Dawa ipo, kazi ya dakika chache tu. Kaomba nilizibe leo leo. Nimeitika naam, na nilikuwa nshanyanyuka kwenda.

Ila nimesikia kwamba Jumatano bodi nzima inakuja. Bodi nzima! Pamoja na mwenyekiti, na mtu wa televisheni.

Nimemwambia Faiza nshaliziba. Wiki iliyopita kosa lilikuwa langu, nimelitafakari sana na nimelikubali. Niliwaonesha watu wachache mno.