Ushindi Niliomtangazia Baba

Alhamisi, 6 Machi
Wodini. Daktari ametuonya: moyo wa Baba hautaki mshtuko. Na keshokutwa timu yetu ya kriketi inacheza na watu wa ng'ambo ya mto! Miaka arobaini na moja hatujawahi kuwashinda. Baba mwenyewe aliichezea timu misimu kumi na miwili, akashindwa yote. Anaulizia mechi kuliko anavyoulizia dawa. Shemeji, mume wa dada yangu, kama kawaida yake kajitia kimbelembele: kamletea redio. Baba akamwita "mwanangu". Na mimi ni nani, mpangaji?

Ijumaa, 7 Machi
Nimechomoa betri za redio. Zimo mfukoni. Nimemwambia Baba redio imekufa, nitampigia simu kutoka uwanjani. Tukielemewa, nitapunguza makali. Dada kanikumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Dada hana mipango.

Jumamosi, 8 Machi
Msiba! Tulihitaji mikimbio mia mbili na tatu ili tushinde. Saa tisa tulikuwa na tisini na mmoja tu, wapigaji tisa wametolewa. Akitoka mmoja zaidi, tumekwisha. Waliobaki ni Fundi Cherehani na Kinyozi, ambaye tangu azaliwe hajavuka mikimbio minne. Nikaona nisingoje mazishi. Nikatoka, nikampigia Baba: tumeshinda, tena bila jasho!
Akasema, "Kumbe ilikuwa rahisi hivyo." Akamwomba nesi amfunike, alale.
Nikaenda nyumbani kupiga pasi mashati. Saa kumi na moja na robo, honi mtaa mzima. Watu wanakumbatiana barabarani. Tumeshinda! Nikaunguza kola.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kanitangulia wodini. Sauti imemkauka kwa kushangilia. Nilimkuta anamsimulia Baba: Kinyozi alivyopigwa na mpira kidevuni akakataa kutoka, Fundi Cherehani alivyomwambia kila mara, "Simama tu, kaka, simama tu," na mpira wa mwisho ulivyoruka ukuta. Saa mbili nzima, wawili hao peke yao.
Baba aliuliza mechi ilimalizika saa ngapi. Shemeji, asiyejua lolote, akataja. Baba akanigeukia. Mimi nilikuwa wapi?
Nikakiri. Pasi.
"Moyo huu umebeba miaka arobaini na moja ya kushindwa," akasema taratibu. "Ungeshindwa kubeba saa mbili za kungoja? Nilikuwa nimelala, nimeuelekea ukuta."
Nikazitoa betri, nikaziweka juu ya kabati lake. Nilitamani Shemeji anicheke. Hakucheka. Aliangalia dirishani.

Jumanne, 11 Machi
Daktari katuita ofisini. Upasuaji hauwezekani, moyo umechoka mno. Wiki chache, labda mwezi. Dada alijikunja kwenye benchi akalia. Shemeji akasema Baba aambiwe, ni haki yake. Haki! Yeye anajua nini? Wakati wanabishana, nikawahi wodini.
Nikamwambia Baba majibu ni mazuri mno. Ni gesi tu. Apunguze maharage.
Alinitazama muda mrefu. Akanishika mkono, akaubana, akasema sawa, nimesikia. Kisha akaniomba nimwitie wajukuu wote, leo hii, wasichelewe.
Ameamini neno kwa neno. Kuzungumza na mgonjwa ni kipaji, si kila mtu anacho.