Balozi wa Karavia

Ilitangazwa Lubumbashi kwa tarumbeta kwamba Divisheni ya Maneno ya Heshima imeruhusiwa rasmi kuacha kufikiri. Kazi hiyo itafanywa na akili bandia, na tume ikateuliwa kuchagua kati ya mashine mbili.

Mwenyekiti wa tume alikuwa Shefu Ruben, mkuu wa divisheni, aliyetamani kuwa ambassadeur, mwakilishi wa nchi ugenini, hata usingizini. Mjumbe kutoka Kinshasa angekuja kumsikiliza. Hotuba ikimpendeza, cheo ni chake.

Mashine ya kwanza, Mwandani, iliandika: "Bandugu, niko na furaha sana ya kubaona."

Ruben alikunja uso. "Hii inasema kama mama mukwe wangu! Tuko service ya État, ya serikali, hatuko ku soko."

Ya pili, Fasaha, ilitoa Kiswahili cha mbali, cha kumeremeta. Wajumbe wa tume hawakuelewa kitu, na wakaona hapo ndipo penye elimu. Karani Simone akauliza kama Shefu angependa kuisoma hotuba kwanza.

"Simone, mukubwa hasomake discours mbele. Ile ni kazi ya banafunzi."

Uamuzi ukapita kwa makofi.

Siku ya hafla, hoteli ya Karavia ilijaa. Mama mkwe, Mama Germaine, aliketi mstari wa mbele. Ruben akasoma kwa sauti ya radi:

"Nimezaliwa balozi! Mimi na mabalozi wenzangu tutaingia kila nyumba!"

Kwa Kiswahili cha Fasaha, balozi huwakilisha nchi yake ugenini. Lubumbashi, balozi ni wachawi, na mmoja wao ni mulozi. Ruben aliisikia maana neno lilipokwisha kumtoka, na moyo ukamwanguka. Viti navyo vikaanguka. Mjumbe wa Kinshasa akamwomba jirani tafsiri, kisha akaomba gari la kumpeleka uwanja wa ndege wa Luano.

Kesho yake divisheni ikabandika kanusho rasmi kila pembe ya mji: "Shefu Ruben haiko mulozi." Wale ambao hawakuwa wamesikia, wakasikia.

Jioni, nyumbani, alimsogezea Mama Germaine bukari, ugali wa jioni, kwa mikono yake mwenyewe.

"Kula, mama."

Mama akavuta kiti nyuma. "Apana, mukwe wangu. Nimeshiba."

"Mama, ni mashini njo ilikosea!"

"Mashini iliandika. Kinywa ilikuwa ya nani?" Akajifunga kitenge, akasimama. "Ile ingine, yenye Simone alisema ulikatala juu inasemaka kama miye, uiite. Pengine ile itakubali kula na weye."