Maziwa ya Mkosoaji

Jumatatu, 1 Juni 1998. Musoma.
Balaa! Mkosoaji ameganda. Programu yangu mwenyewe, niliyoitolea jasho tangu kiwanda kitupunguze kazini! Humsomea mwandishi wa programu kazi yake na kumwambia kwa Kiswahili amekosea wapi. Nimemgawa bure, na maandishi yake yote ya ndani, anayeweza amrekebishe. Hakuna aliyemrekebisha. Wanaleta malalamiko tu. Sasa kwenye kompyuta mpya anaganda, na tiba yake si ya siku moja.

Ninafundisha chuo cha tapureta cha Mama Petronila. Kompyuta yake ninayoazima jioni imepata mpangaji, mtu wa minofu ya samaki. Nisipomlipa Mama chochote hadi Jumamosi, inaondoka. Ikiondoka, Mkosoaji ndiyo basi tena.

Jumatano, 3 Juni. Bunda.
Nimemfuata Enoka kwake, mtaa wa Manyamanyama. Anawaandikia programu za mizani wanunuzi binafsi wa pamba, hawa walioibuka baada ya ushirika kuyumba. Anamtumiaga Mkosoaji kila siku. Nikamwomba mchango wa matengenezo. Akacheka. Kitu cha bure hakina mchango, alisema; ningekuwa nauza, angenunua. Nikasema basi nakuuzia. Akasema anaye tayari. Kupe huyu! Halafu akanionyesha kasoro nyingine mbili. Nimezinakili.

Alisema pia Kiingereza kilimshinda shuleni, na bila Mkosoaji angekuwa anabeba marobota mpaka leo. Nikafurahi mpaka nikamnunulia soda.

Ijumaa, 5 Juni. Buswahili.
Akili imefunguka! Nina ng'ombe! Alitoka kwenye mahari ya dada yangu Miriamu, anatunzwa na mjomba Makongoro hapa kijijini. Maziwa yauzwe, Mkosoaji apone. Mjomba akanisikiliza vizuri, akanywa maziwa, akasema ng'ombe ni wangu, ndama ni wangu, maziwa ni ya anayechunga. Ndiyo desturi. Yeye ndiye anayempeleka josho, anayehangaika na majani kiangazi. Atakula nini?

Nimekulia kota za kiwanda, mambo haya nilikuwaga nayasikia kwa mbali. Nikauliza kwa hasira mbona mimi namchunga Mkosoaji na maziwa anakunywa Enoka. Mjomba akasema huyo Mkosoaji hamjui. Ni wa ukoo gani?

Baadaye akanionea huruma. Akasema nichukue ndama wangu.

Jumamosi, 6 Juni. Musoma.
Ndama amefika, juu ya lori la mihogo. Mpango huu hapa: Mama Petronila amchunge kwa desturi. Maziwa yake, kompyuta yangu. Akakubali! Atasubiri akue, alisema, subira anayo. Ameshawaahidi wanafunzi chai ya maziwa. Nimeanza kumtibu Mkosoaji palepale. Mimi ni kichwa, jamani!

Jumatatu, 8 Juni.
Ndama ni dume.

Sikuangalia! Mtu wa Mara mzima, sikuangalia! Mama Petronila aliinama mara moja tu. Akauliza maziwa yatatokea wapi. Wanafunzi walicheka hadi tapureta zote zikanyamaza. Nilitamani kulia. Nikamsihi asinitoe kwenye kompyuta, Mkosoaji yuko nusunusu, nimemfungua na sijamfunga. Akamtazama tena ndama. Akasema mahafali yanakaribia na hana kitoweo.

Jumamosi, 27 Juni.
Mahafali. Nyama tele. Kompyuta nimeachiwa hadi mwisho wa mwaka, na Mkosoaji kapona! Hagandi tena! Nimemshukuru Mama Petronila mbele za watu.

Enoka kaja kutoka Bunda bila kualikwa. Kala, kasema chumvi pungufu. Nikampa diskete mpya. Akauliza bei. Kweli kabisa, aliuliza, mkono tayari mfukoni! Nikaona haya. Nikamwambia ni bure, ndugu yangu.

Akarudisha mkono mezani, akachukua mfupa mwingine. Akaniuliza kama Mkosoaji anaweza na kuchapa makosa kwenye karatasi. Nikamwambia hilo dogo, mwezi ujao analo. Printa ya kujaribia nitaipata wapi? Hakuna shida. Ng'ombe kwa mjomba ana mimba, na safari hii ndama lazima awe jike.