Konokono Aliyezunguka Kushoto

Jumatatu, 5 Mei
Leo nimegundua kosa la miaka mia nne. Nalinda ukumbi wa pili wa makumbusho, chumba cha michoro ya zamani ya mimea na wadudu, iliyochapwa kwa bamba la shaba. Miezi minane nailinda, leo ndiyo nimeitazama. Chini ya ua la tulipu kuna konokono, na gamba lake linazunguka kushoto. Kushoto! Mimi Simiyu nimekulia Bungoma nikiokota konokono kwenye mboga za sukuma wiki za mama. Wote walizunguka kulia. Ijumaa anatangazwa kiongozi wa zamu: mimi au Goretti, yule Mrundi wa ukumbi wa kwanza. Kosa hili litanipa cheo.

Jumanne, 6 Mei
Nimemweleza Bi Lorraine, msimamizi wa michoro. Akatabasamu. Akasema mchongaji alichonga sawasawa, ila karatasi ikigandamizwa kwenye shaba, picha hutoka imegeuka, kama kwenye kioo. Visingizio vya wasomi. Goretti akanishauri niachane na mambo hayo, konokono hajalalamika. Wivu mtupu.

Jumatano, 7 Mei
Nimepata shahidi kwenye sukuma zetu nyuma ya nyumba, hapa Springfield, ughaibuni. Konokono mnene, wa kulia kabisa. Mke wangu Edah akauliza kesho nitabebea wapi chakula, maana shahidi amelala kwenye kontena langu la lunch. Nikamwambia kesho nafunga.

Alhamisi, 8 Mei
Shahidi ametoroka ukumbini. Niliacha kifuniko wazi kidogo apumue, nikamwelekeza mgeni msalani, kurudi kontena tupu. Kumbe konokono hula karatasi. Goretti ndiye aliyemwona ukutani, ametafuna nusu ya kibandiko cha maelezo, amebakiza vidole viwili afike kwenye mchoro. Chumba kikafungwa. Bi Lorraine aliketi sakafuni ameshika kichwa. Niliona aibu, nakiri. Lakini alichokula ni maelezo yenye kosa. Hata konokono mwenyewe ameyakataa.

Ijumaa, 9 Mei
Goretti ndiye kiongozi wa zamu. Mimi nimehamishiwa gereji ya kuegeshea magari, chini ya makumbusho. Akanirudishia kontena limeoshwa, shahidi ndani, na jani la sukuma juu yake. Akasema amemsihi sana Bi Lorraine nisifukuzwe. Nilitaka kumshukuru, shingo ikakataa.

Jumatatu, 12 Mei
Gereji. Baridi na moshi. Kwenye kona kuna kioo kikubwa cha kuwaonyesha madereva magari yanayokuja. Nikamwinua shahidi mbele yake, nikatazama kwa muda mrefu. Mkononi mwangu anazunguka kulia. Kwenye kioo, kushoto.

Kwa hiyo kioo nacho ni kibovu. Hatari kubwa kwa madereva, na hakuna aliyewahi kuona. Nimemwandikia Goretti barua ya kurasa tatu kudai kibadilishwe. Kesho nampelekea, pamoja na shahidi.