Besi Ndani ya Tangi

Jumamosi, 30 Novemba

Nimeamua. Aibu hii basi! Redio yangu inalia kama mtu mwenye mafua, na jirani yangu Baba Pendo kanunua sabufa. Jana taarifa ya habari niliisikilizia kwake, nikiwa nimekaa kwangu na dirisha nimefunga. Na Jumapili ya wiki ijayo binti yetu Salome anapata kipaimara. Wageni waje hapa Newala wacheze muziki wa Baba Pendo? Haiwezekani, Erasto niko hai.

Nimeshuka Masasi na hela ya korosho. Dukani nimemkuta Sikudhani, dada mmoja mwenye maneno kama mvua. Akaniuliza spika ni za chumba cha ukubwa gani. Sebule yangu inaingia kochi, meza na kabati la vyombo, ukiongeza mtu lazima mwingine atoke. Nikamjibu kwamba ni ukumbi. Alikuwa ameshika spika mbili ndogo za kuweka juu ya rafu. Akazirudisha, akanionyesha mbili zinazonifika kifuani.

Nimezipenda papo hapo. Nilimwambia hizi ndizo saizi yangu.

Jumapili, 1 Desemba

Spika zimeingia, kochi limetoka. Mama Salome aliuliza wageni watakaa wapi. Nilimjibu kwamba muziki mzuri mtu anausikiliza amesimama.

Nimewasha. Nguvu! Vikombe vimetembea kabatini, saa ya ukutani imeanguka. Maneno ya wimbo sikuyasikia hata moja, ni mngurumo tu, vuuu, vuuu, kichwa kikauma. Hayo ni mambo ya spika mpya, zitazoea.

Baba Pendo alikuja kupongeza. Kwa kuwa viti havipo, alikaa juu ya spika yangu! Akasema kwa upole wake ule unaoniudhi kwamba zina sauti ya kutosha, labda zinataka nafasi kidogo. Wivu huo.

Jumanne, 3 Desemba

Mama Salome kaenda Chiungutwa kwa dada yake kuchukua mchele wa sherehe. Kaacha maagizo. Tangi letu la chini ya ardhi kalisugua mwenyewe kwa brashi, liko kavu na safi. Mvua zikianza, niache maji ya mwanzo yaoshe vumbi la bati na kumwagika nje, halafu nigeuze bomba la gata liingie tangini. Karudia mara nyingi kama vile mimi ni mgeni Newala. Karudia tena akiwa ameshakaa kwenye bodaboda. Nisipovuna, alisema, maji ya kupikia wageni tutayatoa wapi? Nimemwambia aende kwa amani.

Nimempigia simu Sikudhani. Besi inanguruma tu, nifanyeje? Alishangaa. Akasema besi hubanwa kwenye chumba kidogo, kwenye ukumbi haina shida, inataka uwazi tu.

Uwazi! Nimekaa chini, nimefikiri, nikasimama. Ni nani katika mtaa huu ana uwazi mkubwa kuliko wangu? Uko hapo uani, umesakafiwa saruji, una mfuniko, na mdomo wake fundi aliuacha mpana ili mtu aingie kusugua. Akili hizi sijui nilizitoa wapi.

Jumatano, 4 Desemba

Vijana wawili wa bodaboda wamenisaidia kushusha spika moja tangini kwa kamba. Imepita kama ilipimwa. Imesimama juu ya meza yetu, ambayo tuliitanguliza humo chini, waya umepita dirishani hadi sebuleni.

Jamani! Ardhi imeimba. Kuku wa Baba Pendo wamelala njaa, wameogopa kushuka mtini. Watu wamesimama barabarani wakitafuta muziki unakotoka. Baba Pendo kazima sabufa yake. Kaizima! Nimemwona kwa macho yangu.

Nilifurahi mpaka nikacheza peke yangu.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua imekuja katikati ya wimbo. Mvua yenyewe, ya matone makubwa. Mtaa mzima mbio na ndoo. Mimi nilitulia. Maji ya mwanzo si ya kumwaga? Bomba likabaki limeelekezwa nje, kama Mama Salome alivyoagiza.

Bati likaosheka. Likazidi kuosheka. Hapo nikakumbuka kwamba spika iko tangini. Nimevuta kamba, haikusogea hata kidogo, nikafunika mfuniko. Vijana wa bodaboda kila mmoja yuko kwao anakinga maji. Nifanyeje? Maji yatapatikana siku nyingine, spika kama ile haipatikani. Nimeliacha bomba vile vile. Bati letu leo ni safi kuliko yote Newala.

Maji yalipita chini ya ua hadi kwa Baba Pendo. Alikuja kuniambia kwamba yananipotea. Nilimjibu kwamba naosha bati. Akaniangalia, akaenda kuchukua kipande cha bati kikuukuu, akayaelekeza kwenye tangi lake. Mpaka jioni lilikuwa limejaa mpaka mdomoni.

Spika haikupata hata tone. Ushindi mkubwa.

Ijumaa, 6 Desemba

Mama Salome amerudi anaimba. Njia nzima ameona madimbwi. Akachukua ndoo na kamba, akafunua tangi. Akaacha kuimba.

Nilimweleza habari ya uwazi. Alisikiliza yote. Kisha akauliza kama wageni wetu watakunywa besi. Akakaa kwenye kochi pale uani, akalia. Nikasikia vibaya, kweli. Nilitaka kumwekea wimbo anaoupenda, nikaona nisubiri.

Jumapili, 8 Desemba

Mama Salome alikwenda kwa Baba Pendo mwenyewe. Baba Pendo kasema maji yapo, ila kubeba madumu kuzunguka ua kwa nini? Sufuria zije kwake, wageni wapikiwe, wale na kukaa huko huko, kuna viti.

Basi sherehe ya binti yangu imefanyika kwa Baba Pendo. Kwa sabufa ya Baba Pendo! Katekista kasimama na kumshukuru kwa moyo wake wa kutoa maji. Watu wakapiga makofi. Maji ya bati langu! Salome akapiga naye picha. Niliumia jamani, siwezi kuficha. Nimekunywa vikombe vingi nikiwa nimenuna, maana maji ni yangu.

Jumatatu, 9 Desemba

Amri imetoka. Spika zimerudi Masasi. Mama Salome amenisindikiza hadi dukani, akamwambia Sikudhani ukubwa halisi wa ule ukumbi. Sikudhani alicheka mpaka akashika kaunta. Tumebadilishana na zile ndogo.

Zimekaa juu ya kabati, mbali kidogo na ukuta. Kochi limerudi. Nimewasha. Maneno yote yanasikika, hata mpiga gitaa anapohamisha vidole. Mama Salome kaimba tena, mimi nikaitikia. Nilijua tangu mwanzo kwamba chumba kidogo kinataka spika ndogo, tatizo watu hawanisikilizi.

Jumanne, 10 Desemba

Mama Salome kaenda sokoni. Kaniambia nigeuze bomba liingie tangini sasa hivi, mawingu yamefunga upande wa Ruvuma. Mawingu ya kupita tu, nayajua.

Halafu nimewaza. Kosa halikuwa tangi. Kosa lilikuwa uzito! Hizi ndogo mtu anazivuta kwa mkono mmoja. Nimezishusha zote mbili, meza bado ilikuwa humo humo. Ili nisisahau, bomba nimeligeuza kabisa liingie tangini, kama alivyoagiza. Kila mtu atafurahi.

Sasa niko sebuleni, waya uko tayari. Besi inanguruma mpaka madirisha yanatikisika. Spika ndogo, lakini nguvu za ajabu, maana bado sijaziwasha.